Haki ya Mwenye Sura

Kila mtu ana sura mbili. Ya kwanza ni ile aliyozaliwa nayo, ambayo maji ya ziwa humwonyesha ainamapo kunawa. Ya pili ni ile inayokaa katika vichwa vya watu wasiomjua. Sura ya kwanza huenda pamoja na mwenyewe. Ya pili humtangulia. Humfikia mwajiri kabla ya barua ya kuomba kazi, humfikia mwenye nyumba kabla mpangaji hajabisha hodi, na humfikia askari njiani kabla msafiri hajafungua kinywa kujieleza. Sura ya kwanza mtu huitunza mwenyewe kwa maji na mafuta. Ya pili hutunzwa au huharibiwa na wengine: mwandishi wa gazeti, mtangazaji wa redio, mtengenezaji wa sinema, mchekeshaji wa televisheni, na siku hizi yeyote mwenye simu mkononi.

Swali la insha hii ni fupi. Yule anayechora sura ya mwenzake mbele ya umma ana deni gani kwa mwenye sura? Msomaji, ikiwa unasoma Kisumu, au Siaya, au Homa Bay, au Mbita, unayo sababu ya kulifikiri swali hili mapema, maana umelelewa kando ya ziwa lililochorwa mara nyingi na watu waliokuja, wakatazama, wakaondoka.

Tuanze na ziwa lenyewe. Wajaluo waliliita Nam Lolwe, na Waganda waliliita Nalubaale. Mwezi wa Agosti 1858 Mwingereza John Hanning Speke alifika upande wa kusini, penye Mwanza ya leo, akaliona, akalipa jina la malkia wake, Victoria. Hakumpiga mtu kwa jina hilo, wala hakusema uongo. Lakini alikuwa na kalamu iliyofika London, na wavuvi wa pwani zile hawakuwa nayo. Kwa hiyo jina lake likaingia katika ramani za dunia, na majina ya wenyeji yakabaki katika vinywa vya wenyeji. Reli ilipofika ufukweni mwaka 1901, kituo cha mwisho kiliitwa Port Florence, kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi mmoja wa reli. Jina hilo halikudumu, na Kisumu lilirudi mahali pake. Jina la ziwa halikurudi.

Wahenga walisema mwamba ngoma huvutia kwake. Hawakusema kwamba kila mwamba ngoma ni mwizi. Walisema kwamba hakuna ngozi inayojivuta yenyewe. Nyuma ya kila picha pana mkono. Mkono huo ni wa mtu aliyesimama mahali fulani, aliyelipwa na mtu fulani, na anayeona yale yanayoonekana kutoka pale aliposimama. Mwanafunzi anayelijua hili amekwisha kupata nusu ya elimu ya jambo tunalolizungumza.

Kutoka katika jina twende katika picha. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na jaribio la kutengeneza sinema kwa ajili ya Waafrika huko Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Filamu zaidi ya thelathini zilitengenezwa, zikazungushwa kwa lori katika Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi nyingine za jirani. Zilifundisha kilimo bora, kinga ya maradhi, na faida ya kuweka fedha katika benki ya posta. Mashauri mengi yalikuwa mema. Hata hivyo yalikuja yamefungwa katika sura duni, kwa kuwa mpango wenyewe ulimweka Mwafrika upande mmoja tu wa darasa, yaani upande wa kufundishwa. Mtazamaji alijiona yeye ndiye asiyejua, na mwenye kujua alitoka mbali. Mtu aweza kupewa shauri jema na huku akinyang'anywa heshima, na mpaji asitambue kwamba ametoa kwa mkono mmoja na kuchukua kwa mkono wa pili.

Labda utasema hayo ni mambo ya zamani, ya wakati wa ukoloni. Basi tazama jambo la karne hii. Mwaka 2004 Mwaustria Hubert Sauper alitoa filamu iitwayo Darwin's Nightmare, iliyopigwa Mwanza, ng'ambo ya ziwa hili hili. Kisa chake ni kile samaki ambaye sisi tunamwita mbuta na Watanzania wanamwita sangara. Samaki huyu alipandikizwa ziwani katika karne ya ishirini, akala samaki wengine wengi, kisha akawa biashara kubwa ya kupeleka minofu Ulaya. Filamu ilionyesha watoto wa mitaani, na wanawake wanaokausha vichwa na mifupa iliyotupwa na viwanda, na ndege zinazokuja kuchukua minofu; ikadokeza kwamba ndege hizo huleta silaha za vita vya Afrika. Huko Ulaya ilisifiwa sana, na mwaka 2006 ilikuwa miongoni mwa filamu zilizogombea tuzo ya Oscar. Mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete aliyekuwa akitawala Tanzania aliilaumu hadharani, na watu wa Mwanza waliandamana kuipinga.

Nani alikuwa na haki? Pima mwenyewe, lakini pima kwa mizani yenye vitanga viwili. Katika kitanga cha kwanza weka ukweli kwamba umaskini ulioonyeshwa haukutungwa. Watoto wale walikuwepo, na vichwa vile vya samaki vilikaushwa. Kidonda hakiponi kwa kumfukuza mgeni aliyekionyesha, na taifa linaloona haya zaidi kwa kupigwa picha kuliko kwa njaa ya watoto wake limekosea mahali pa kuona haya. Katika kitanga cha pili weka ukweli kwamba Mwanza ni mji wa walimu na mafundi, wa harusi na misiba, wa wafanyabiashara na wakulima, na hayo hayakuwa kisa cha filamu ile. Mtazamaji wa mbali asiyewahi kufika aliondoka ukumbini akidhani ameuona mji, kumbe ameona pembe zake. Picha haikuhitaji kuwa ya uongo ili idanganye. Ilitosha sehemu kusimama mahali pa kitu kizima.

Hapa atainuka mtu na kusema: adhabu ya kaburi aijuaye maiti, basi kila kabila na lijichore lenyewe, kila taifa lijisimulie, na mgeni anyamaze. Shauri hili lina utamu masikioni, lakini tulitie katika jaribio. Kwa miaka mingi Wakenya walicheka mbele ya televisheni kwa sababu ya mzee mmoja aliyeitwa Ojwang, katika michezo ya Vitimbi na Vioja Mahakamani. Alikuwa Mjaluo wa jina, wa lafudhi na wa mwenendo. Mwigizaji wake, Benson Wanjau, alikuwa Mkikuyu. Alipofariki mwezi wa Julai 2015, alililiwa nchi nzima, na walio wengi walimlilia kwa jina lile la kuigiza. Kama kanuni ya kila mtu na sura yake ingekuwa sheria, Mzee Ojwang asingezaliwa kamwe. Tena maigizo yote yangekufa, maana kuigiza ni kuvaa ngozi usiyozaliwa nayo. Na riwaya zingekufa pia, maana mwandishi mmoja hawezi kuwa watu wote wa kitabu chake. Uwezo wa kujitia katika nafsi ya jirani ni mzizi wa huruma. Tusiukate kwa kuogopa magugu.

Lakini magugu yapo. Kucheka lafudhi ya mtu ni mchezo ulio karibu sana na kumcheka mtu mwenyewe. Ikiwa katika kila kichekesho mlinzi wa lango anapewa ulimi wa Kiluhya, na mwenye tamaa ya fedha ulimi wa Kikuyu, na mwenye majivuno ulimi wa Kijaluo, basi mtoto hujifunza makabila ya nchi yake kama ajifunzavyo hesabu za kuzidisha, kwa kukariri, bila kuuliza. Tofauti iko wapi kati ya Mzee Ojwang na kichekesho kama hicho? Naona iko katika mambo mawili. Kwanza, Ojwang alikuwa mtu, mwenye mke wa kugombana naye na kupatana naye, wala hakuwa lafudhi iliyovikwa koti. Pili, na hili ni kubwa zaidi, ni lazima kuuliza: pamoja na huyu, mtazamaji ameonyeshwa Wajaluo wangapi wengine?

Mvuvi wa Dunga anajua kwamba mtumbwi mmoja ukipakiwa kijiji kizima huzama, hata ukiwa wa mbao nzuri. Picha nayo ni hivyo. Mzee mmoja wa kuchekesha hana madhara akiwa mmoja katika mia, miongoni mwa madaktari, wavuvi, wezi, watakatifu na wapumbavu. Akiwa peke yake, analazimishwa kulibeba kabila zima mgongoni, na hapo hata mwigizaji hodari hatanusurika. Kwa hiyo dawa ya picha mbaya, aghalabu, ni wingi wa picha. Kufuta picha moja na kuacha ukuta mtupu si kutibu.

Maana ukuta mtupu nao husema. Mwaka 1962 waandishi wa Afrika walikutana katika Chuo cha Makerere, Uganda. Grace Ogot, mtoto wa Nyanza, alikuwa miongoni mwao, akasoma hadithi yake. Aliona kwamba katika vitabu vilivyowekwa pale kuonyeshwa, kazi za waandishi wa Afrika ya Mashariki hazikuwepo. Hakuna aliyewatukana watu wa Afrika ya Mashariki katika mkutano ule. Walikosekana tu, na kukosekana kulimchoma. Alitoa riwaya yake The Promised Land mwaka 1966, na mwaka 1983 akatoa Miaha kwa Kijaluo, ili sura ya watu wake isomwe na wao wenyewe katika lugha yao.

Mfano wa pili ni wa Lupita Nyong'o, ambaye baba yake ni mtu wa Kisumu. Alizaliwa Mexico mwaka 1983, akakulia Kenya. Mwaka 2014, alipokwisha kushinda tuzo ya Oscar, dunia ilimsifu kwa uzuri. Mwaka huo huo alisimulia kwamba utotoni alimwomba Mungu aamke asubuhi akiwa na ngozi nyeupe zaidi, na kwamba moyo wake ulianza kugeuka alipomwona mwanamitindo Alek Wek, mzaliwa wa Sudan, mwenye weusi kama wake, akisifiwa mbele ya watu. Fikiri juu ya sala hiyo. Hakuna aliyemfundisha kwa fimbo. Alifundishwa na sura alizoziona kila siku, na zaidi na zile ambazo hakuziona. Mwaka 2019 aliandika kitabu cha watoto kiitwacho Sulwe, yaani nyota kwa Kijaluo, kuhusu mtoto mweusi kuliko jamaa zake wote.

Kabla ya sifa hizo, mwaka 2009, yeye mwenyewe alikuwa ametengeneza filamu iitwayo In My Genes, juu ya maisha ya watu wenye ualbino nchini Kenya. Huyu aliyepata kujiona mweusi mno aliielekeza kamera kwa wenzake wanaosumbuliwa kwa sababu ya ngozi iliyo tofauti na ya wengi. Aliyeonja uchungu wa kutoonekana anajua kuutambua katika uso wa mwingine, na kujua huko ni wajibu.

Hapa ndipo insha hii inapogeuka kututazama sisi wenyewe. Ni rahisi kumdai Speke, ambaye amekufa. Je, jirani aliye hai anatudai nini? Katika visiwa vya Rusinga na Mfangano, na pwani zilizo karibu, wanakaa Wasuba, ambao lugha yao ya asili ni jamaa ya Kiganda na Kiluhya. Kwa vizazi vingi, kwa njia ya ndoa, biashara, shule na kanisa, wengi wao walichukua Kijaluo, na Kisuba kikawa lugha iliyo hatarini kutoweka. Lugha kubwa ilikalia lugha ndogo kama gugumaji linavyokalia ghuba ya Kisumu, bila kelele. Kituo kidogo cha redio cha Ekialo Kiona kisiwani Mfangano kilipoanza kutangaza kwa Kisuba, wazee walisikia katika chombo kile maneno waliyozoea kuyasikia jikoni tu. Mjaluo anayelalamika, na kwa haki, kwamba Nam Lolwe limefutwa katika ramani, ajiulize ni nini kimefutwa kwa jina lake.

Jaribu pia zoezi hili. Katika uwanja wa Jumba la Makumbusho la Kisumu, lililofunguliwa mwaka 1980, pamejengwa boma la Kijaluo la desturi, lenye nyumba za mume, wake zake watatu na mwana wao mkubwa. Ni kazi nzuri, nawe uende ukaione. Ukifika, uliza: boma hili lingesimuliwa namna gani na mke wa tatu? Kisha toka mjini, uhesabu watu unaokutana nao: Wahindi ambao wazee wao walikuja na reli na maduka, Wanubi, Waluhya, Wakisii, Waswahili. Uliza ni nani katika hao aonekanaye katika picha za mji huu, na ni nani asiyeonekana. Kuuliza hivyo si kulitukana boma. Kila nyumba ina upande ambao jua la asubuhi haliufikii.

Huenda ukadhani haya ni mambo ya adabu tu, na kwamba picha haimtoi mtu damu. Historia ya nchi yetu inakataa. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 walikufa watu zaidi ya 1,100, na Kisumu ilikuwa miongoni mwa miji iliyoumia. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilieleza mwaka 2008 kwamba baadhi ya redio za lugha za kienyeji zilichangia kueneza chuki. Panga halikutangulia. Yalitangulia maneno yaliyomfanya jirani aonekane mgeni, kisha magugu ya kung'olewa, na aliyekwisha kuitwa gugu hana tena sura ya kuhurumiwa. Ndiyo sababu Katiba ya mwaka 2010 inalinda uhuru wa kusema, na katika kifungu hicho hicho inakataa kuulinda uchochezi wa chuki.

Uhuru huo, hata hivyo, tuushike sana. Kama mwenye sura angekuwa na haki ya kukataza kila picha asiyoipenda, mwizi wa mali ya umma asingeandikwa gazetini kamwe. Mwimbaji Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa Shirati aliyefia Kisumu mwaka 2006, aliimba kwa mafumbo juu ya watawala, na alipata kutiwa nguvuni kwa sababu ya nyimbo zake. Hakuwa na haja ya kuwaomba ruhusa. Basi deni la mchoraji si sawa kwa watu wote. Mwenye nguvu tunamdai hesabu, nasi tuna wajibu wa kumsema kweli tu. Mnyonge tuna wajibu wa kumsema kweli, na zaidi ya kweli.

Zaidi hiyo ni mambo matatu. La kwanza ni idhini: asichukuliwe sura kama samaki avuliwavyo, bila kuulizwa. La pili ni ukamilifu: asionyeshwe kilio chake tu, kana kwamba hacheki, wala uchekeshaji wake tu, kana kwamba halii. La tatu ni jibu: apate mahali pa kusema, "Sivyo nilivyo," na neno lake lifike kule picha ilikofika. Hili la tatu ndilo gumu, kwa kuwa picha husafiri kwa ndege na jibu hufuata kwa miguu.

Deni hili si la watengenezaji wa filamu peke yao. Mwanafunzi apitaye soko la Kibuye akamwona mtu aliyepungukiwa na akili akicheza peke yake, akampiga picha, akaituma kwa simu ili rafiki wacheke, amefanya kwa dakika moja jambo ambalo zamani lilihitaji lori, mitambo na fedha za serikali. Yule mtu hakuulizwa, hakukamilishwa, wala hatajibu kamwe. Mama yake labda ataiona picha hiyo.

Kwa hiyo, msomaji, lifanye jambo hili kuwa somo, kama ufanyavyo jiografia. Chukua magazeti ya juma moja, ukahesabu: wanawake wangapi wanasema katika habari, na wangapi wanasemwa, wavuvi wanatajwa siku gani, ya mavuno au ya maafa, mtu mwenye ulemavu anaonekana kama mtaalamu au kama ombaomba. Andika hesabu yako. Kisha nenda kwa wale waliochorwa, uwaonyeshe picha zao, ukawaulize kama wanajitambua. Majibu yao ni elimu ambayo haimo katika gazeti lolote. Na siku utakapopewa wewe kalamu au kamera, kumbuka kwamba kabla ya kuuliza kama kazi yako inapendeza, liko swali moja la kutangulia: je, mwenye sura hii akiketi safu ya mbele, pamoja na watoto wake, nitaweza kumtazama usoni taa zitakapowashwa?